Ujazo wa ramani na ujazo wa lori

Makadirio mengi ya ujenzi hayaharibiwi na bei. Bei unaulizia asubuhi, jioni unayo. Kinachoharibu ni kiasi: mtu anapima ramani vizuri kabisa, kisha anaagiza kilekile alichopima, kana kwamba mchanga na udongo hubaki na ujazo uleule popote viendapo. Havibaki.

Chukua jamvi, yaani sakafu ya zege, la mita 8 kwa 6, unene sentimita 10. Ramani inasema mita za ujazo 4.8, lakini hiyo ni zege iliyokwisha kumwagwa na kushindiliwa. Kabla ya hapo, mchanga unaingia kwenye mianya ya kokoto, saruji inaingia kwenye mianya ya mchanga, na lundo linapungua. Ndiyo maana tunazidisha kwa 1.54 na kupata 7.4 za vitu vikavu. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) mafungu ni 7, basi gawanya kwa 7: fungu moja ni 1.06. Mita ya ujazo ya saruji ni kama kilo 1,440, kwa hiyo unahitaji kilo 1,520 hivi, yaani mifuko 31 ya kilo 50. Ukiweka upotevu wa asilimia 5, nunua 32. Mchanga ni 2.1 na kokoto 4.2, kabla ya upotevu.

Sasa mchanga wenyewe. Ukiwa na unyevunyevu huvimba, mara nyingi kwa robo nzima. Fundi anapima ndoo zake kwa haki, ila ndani mna mchanga pungufu. Zege inatoka kidogo, saruji inaisha kabla jamvi halijafika ukutani, na watu wanaanza kushukiana wizi. Kipimo chake ni rahisi: jaza chombo mchanga hadi sentimita 20, umwage pembeni, tia maji humo, urudishe mchanga huku ukikoroga. Ukitulia kwenye 16, uvimbe ni 4 kwa 16, asilimia 25. Agiza 2.6 badala ya 2.1, na ndoo za kupimia ziongezwe vivyo hivyo.

Tena angalia usawa wa chini. Kifusi kikiwa na mabonde, unene ukawa wastani wa sentimita 12, umeongeza karibu mita nzima ya zege na mifuko 6 ya saruji. Nusu siku ya kusawazisha na kushindilia ni nafuu kuliko hiyo.

Udongo wa msingi nao hufura ukichimbwa. Mtaro wa mita 30, upana 0.6, kina 0.9, ni mita za ujazo 16.2 ardhini, juu ya lori ni kama 21. Kwa lori la mita za ujazo 5, aliyehesabu safari 4 atalipa 5.

Nondo hazivimbi, lakini hupishana zinapounganishwa. Uzito wa mita moja kwa kilo ni kipenyo cha milimita kikizidishwa chenyewe kisha kugawanywa kwa 162. Ya milimita 12 ni kilo 0.89. Mapishano ya vipenyo 50 ni sentimita 60, asilimia 5 ya nondo ya mita 12. Mikunjo na vipande vya mwisho vihesabiwe mbali.

Na tafadhali, upotevu usiuchanganye na fungu la dharura. Upotevu utatokea kwa hakika, basi ukae ndani ya kila kipengele. Dharura ni ya mwamba usiotarajiwa chini ya msingi; iandikwe mstari wake mwishoni, isiguswe kununulia saruji iliyosahauliwa.