Notisi ya OSHA: hesabu siku kabla ya dola

Mkaguzi wa OSHA, idara ya Marekani ya usalama kazini, akiingia gereji, mashine ya kunolea iliyofungwa mezani haimpiti. Kati ya jiwe na kiegemeo unapolaza chuma pasizidi inchi 1/8, kama milimita 3. Ulimi wa juu, yaani bamba la kinga lililo juu ya jiwe, nao usiachane na jiwe zaidi ya inchi 1/4. Sababu yake ni ya kweli: nafasi ikipanuka, chuma hunaswa, jiwe hupasuka na vipande vyake humrukia mtu usoni. Tatizo ni kwamba jiwe huliwa kila linapofanya kazi, na kiegemeo hakilifuati. Tundika biti ya drili ya 1/8 kando ya mashine. Zima mashine, jiwe lisimame, ujaribu kuipitisha kwenye nafasi hiyo. Ikipenya, legeza bolti, sogeza kiegemeo.

Uonevu huanza pale mashine mbovu ya pembeni, isiyoguswa na mtu, inapoandikwa kosa zito, ambalo kwa 2025 faini yake hufika dola 16,550. Ili kosa lisimame, idara ithibitishe kwamba kanuni inahusika, imevunjwa, kuna mfanyakazi anayefikiwa na hatari, na mwajiri alijua au alipaswa kujua. Kwa mashine ya pembeni, hilo la tatu ndilo hulegea. Lakini kuchomoa plagi tu hakukuokoi, maana yeyote anaweza kuichomeka. Fungia plagi kwa kufuli, au ikate kabisa. Na mkaguzi akipiga picha, nawe piga, pembe ile ile, rula ikionekana.

Wengi hawashindwi kwa hoja, hushindwa kwa kalenda. Ukishapokea notisi, yaani karatasi ya OSHA inayoorodhesha makosa na faini, una siku 15 za kazi kuipinga. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za serikali kuu hazihesabiwi. Kupinga ni kwa maandishi. Simu haihesabiki, hata aliyepokea awe mpole kiasi gani. Kikao kisicho rasmi na mkurugenzi wa OSHA wa eneo lako kiombe mapema, kwani hakisimamishi siku hizo. Watu hutoka humo wamefurahi, kumbe muda umeisha. (Majimbo kama California na Minnesota yana ofisi zao, kwa hiyo soma muda ulioandikwa kwenye notisi yako.)

Kwenye kikao hicho, punguzo la faini ndilo hutolewa upesi, na ndiyo chambo. Ukisaini makubaliano hayo, kosa limebaki kwenye rekodi. Likionekana tena linaweza kuitwa la kurudiwa, ambalo kiwango chake cha juu kwa 2025 ni dola 165,514. Afadhali upiganie kipengele cha kosa kifutwe kwenye notisi. Ikishindikana, omba kiegemeo na ulimi wa mashine moja viunganishwe kuwa kosa moja lenye faini moja.

Barua yenyewe haihitaji ufasaha: "Napinga notisi namba fulani, vipengele vyote, faini zote na tarehe zote za kurekebisha." Itume kwa rejesta, utunze risiti. Notisi iache ukutani karibu na mashine siku 3 za kazi, au hadi kasoro irekebishwe kama itachukua muda zaidi. Kuibandua mapema ni kosa jingine.