Kijana wangu na folati ya ubongo, venye tumefika hapa

Kijana wangu alitembea vizuri tu mpaka miaka miwili na nusu hivi, hapo ndio akaanza kuyumba, mikono inatetemeka akishika kikombe, na yale maneno alikuwa nayo yakawa yanaisha moja moja, mpaka "maji" akaacha kusema. Hapa mtaani Umoja kila mtu alikuwa na lake, shosho yake akasema ni jicho, jirani akasema minyoo, mi nasikiza tu wote. Alafu ikaja degedege. Amesimama mlangoni, ghafla kichwa kinaanguka mbele na yeye chini, sekunde mbili ameamka, na tukifika kwa daktari anakaa sawa kabisa.

Simu ndio ilituokoa. Nikaanza kumrekodi kila akianguka, na kwa daftari naandika saa, amekula nini, amelala saa ngapi. Tulikuwa tumepimwa damu mara nyingi, hata folati, ile vitamini B9, ilipimwa ikarudi sawa, kwa hivyo hakuna mtu aliwaza huko tena. Daktari wa neva za watoto aliangalia zile video mbili tatu, akaitisha MRI, ile picha ya ubongo, alafu akasema mama, sasa tutoe maji ya uti wa mgongo. Niliogopa sana, lakini nikasaini. Hayo maji yaligandishwa hapo hapo na yakafichwa mwanga, juu ile folati huharibika haraka. Majibu kurudi, folati ya damu iko, ya ubongo karibu hakuna.

Daktari alinichorea kwa karatasi. Folati inatembea na damu, ikifika kwa ubongo inapitia mlango, na jeni inaitwa FOLR1 ndio hutengeneza huo mlango, wa kijana wangu umeharibika. Shida ya hiyo jeni ilielezwa mara ya kwanza 2009, yaani ni kitu kipya hata kwa madaktari. Mimi na babake kila mmoja amebeba nakala moja mbovu na hatukuwa tunajua, kijana akachukua zote mbili, na kila mimba yetu ni nafasi moja kwa nne mtoto awe nayo. Nililia, lakini pia nilipumua, juu hakuna mtu alituroga na si chakula nilikosa kumpea.

Sasa hapa nataka wazazi wanisikize vizuri. Jioni hiyo hiyo nilinunua asidi ya foliki, vile vidonge vya wajawazito, nikaanza kumpea nikidhani folati ni folati. Daktari alinisimamisha, akasema hiyo hushika ule mlango kwa nguvu na inaweza kuzibia folati ya kawaida hata kale kanafasi kamebaki. Dawa yake ni asidi ya foliniki, ile wagonjwa wa kansa hupewa na dawa zao, ukipeana nyingi inatafuta njia nyingine ya kuingia kwa ubongo. Ndio maana niliipata kwa famasi ya dawa za kansa, chemisti za mtaa walikuwa wananipea ile ingine. Vyetu ni vya miligramu 15, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, lakini inapimwa na uzito na daktari huongeza akikua, so usichukue hesabu yangu umpee wako. Cha mchana nasaga na kijiko nachanganya na uji, mwalimu wa nasari alikubali kumpea, na nyumbani sikubali vibaki chini ya wiki mbili juu siku moja viliisha mjini na nilizunguka na matatu tangu asubuhi mpaka jioni.

Kuanguka kulipungua miezi ya kwanza, kutembea kukafuata polepole, maneno ndio yamechelewa zaidi, na dawa ya degedege bado anameza. Mdogo wake tulimpima jeni akiwa na wiki chache. Amebeba nakala moja tu, kama sisi. Mkubwa juzi alienda kwa duka la hapa chini na babake, akarudi amebeba mkate mwenyewe, akaniambia "mama, maji".