Siku ya thelathini na nane: koti la Babu mezani kwangu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Korogwe bado giza, mabasi ya Arusha hayajaanza kelele zake barabara kuu. Naswali, nawasha jiko la mkaa, nabandika chai. Bibi yumo chumbani kwake, yuko eda, na kila asubuhi ananiuliza swali moja tu kutoka nyuma ya pazia: "Leo ya ngapi?"

Leo ya thelathini na nane. Jumamosi tunasoma hitima ya arobaini.

Niieleze mapema hesabu ya Babu, la sivyo mengine hayataeleweka. Babu alikuwa mkata mkonge. Majani ya mkonge hufungwa thelathini thelathini, huo ndio mzigo mmoja. Na kipande, ile kadi ya kazi ya enzi za mkoloni, kilikuwa na nafasi thelathini. Ukitimiza siku thelathini za kazi ndipo mwezi wako umekwisha, hata kama kalenda ilishauvuka mwezi zamani. Siku uliyoumwa haikuwa siku. Basi Babu akabaki kuhesabu kila kitu kwa mizigo. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, anajibu, "Mzigo na majani manne." Deni la dukani likifika elfu kumi na tano, "nusu mzigo." Alipofariki alikuwa na mizigo mitatu ya miaka na majani kidogo juu yake, hayo majani hakuna anayejua idadi, maana mwaka wake wa kuzaliwa alikuwa anaukisia.

Saa mbili nafungua kibaraza. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, umeme ukikatika mimi sina habari. Kazi za leo ni sketi sita za shule zenye marinda, suruali mbili za kuingiza kiuno, na dera la mama mmoja ambaye kabla hata hajasalimia alianza na "Fundi, uliniambia Jumatatu." Nikampa kiti na maneno matamu. Fundi cherehani asiyejua kuomba radhi afunge duka.

Saa tatu na nusu, sketi zikiwa zimepungua, ndipo nikalitoa koti.

Ni koti la sufu la kijivu. Babu alilinunua mwaka wa Uhuru, 1961, akalivaa Idi zote, harusi zote, na kila siku aliyokwenda kufuatilia jambo ofisini. Bitana nimeibadilisha mwenyewe mara mbili. Kabla hajafa aliacha neno kwamba koti apewe rafiki yake, mzee mwenzake waliyekata naye mkonge, mtu wa Njombe. Tatizo, mzee huyo ni mfupi kwa Babu kwa kichwa kizima. Mikono lazima ipande.

Nikaligeuza ndani nje nitafute pa kuanzia kufumua, nikafika kwenye mfuko wa ndani. Huo mfuko haujashonwa kwa uzi. Umeshonwa kwa singa, nyuzi za mkonge wenyewe, zilizosokotwa pajani mpaka zikawa nyembamba kama uzi wa gunia. Mshono ni wa mkono, hatua fupi fupi, kila ya tatu imerudi nyuma kidogo kuifunga ya pili. Singa imegeuka rangi ya chai. Imekatika sehemu moja tu, karibu na kona, na hata pale haijaachia. Nyumbani tangu utoto naambiwa mikono yangu nimeirithi kwa Babu, na ushahidi ni mshono huu. Nimeshawasimulia wateja wangapi! Bitana nikibadilisha, mfuko ule nauzunguka, siugusi.

Saa nne kasoro nikafunga, nikapanda bodaboda kufuatilia cheti cha kifo. Kijana wa dirishani alikuwa mpole, sina neno naye, ila akanirudishia karatasi. "Dada, jina la kitambulisho na jina la kibali cha mazishi hayafanani. Lete kiapo."

Najua kwa nini hayafanani. Babu alitoka Kasulu akiwa kijana wa kama miaka ishirini, mwaka 1954, ule ule TANU ilipoundwa. SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikikusanya vibarua wa mkonge, ilikuwa na watu wake huko Buha. Treni kutoka Kigoma hadi Morogoro, halafu lori hadi huku. Kila mtu alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Karani wa kuandikisha akamuuliza jina, Babu akalitaja lote kama alivyopewa na baba yake, na karani akasema halienei kwenye kadi. Akakata silabi mbili za mwisho. Hapo ndipo ukoo wetu ulipozaliwa. Watoto saba na mzigo na majani manne ya wajukuu, wote tunatumia jina lililokatwa kwa sababu ya upana wa kadi. Mimi vyeti vyangu vyote vina jina hilo. Nalipenda, siwezi kusema uongo.

Siku ya msiba baba mkubwa ndiye aliyekwenda kuandikisha kibali cha mazishi, na akaandika jina refu. Kwa makusudi. Nikampigia simu pale pale nje ya ofisi. "Baba, wanasema tulete kiapo, au kibali kirekebishwe." Akanyamaza, kisha akasema, "Waambie wapanue kadi." Akakata. Basi nimerudi mikono mitupu. Hakimu nitamwona wiki ijayo, na kiapo tutakachoapa sijui kitasemaje.

Saa saba mchana, ugali na dagaa. Babu alikuwa hali dagaa mpaka aambiwe wa Kigoma, na muuza dagaa wetu alishajua, akawa anamwambia hivyo hata kwa dagaa wa Mwanza. Mzee anatafuna kwa furaha, anasema huko ziwa lina maji matamu. Kasulu mwenyewe alirudi mara mbili tu. Kila mwaka ilikuwa "mwakani". Alisilimu akamwoa Bibi, Msambaa, akajenga hapa, na mashamba yalipotaifishwa 1967 akabaki kwenye lile lile, chini ya bosi mwingine. Kamba za nailoni zilipoua bei ya mkonge, yeye akahamia mahindi. Siku moja redioni walisema kwamba mwaka 1964 nchi ilitoa takriban tani 230,000 za katani. Babu akaweka kikombe chini. "Humo zimo zangu," akasema, na akatuangalia mmoja mmoja kama tunabisha. Nyingine aliyoipenda ni ile ya Mjerumani Hindorf, aliyeleta mkonge mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. "Mizigo miwili na majani mawili," Babu alikuwa akisema. "Ingekufa na hiyo, nyinyi msingekuwepo."

Saa nane hadi saa kumi nilishona tu. Jua kali, pasi ya mkaa, jasho. Sina la kuhadithia.

Saa kumi na robo alasiri akaja mwenye koti, kaletwa na kitukuu wake kwa baiskeli.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Umenikata mikono?"

Nikamvisha. Mabegani limemzidi kidogo, hilo nililijua, ila mikono imekaa sawa kwenye kifundo. Akajigeuza mbele ya kioo changu kilichopasuka, akaingiza mkono ndani, akaupapasa mfuko. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Bado upo!"

"Sijaugusa, babu. Ule ni mshono wa Babu, nimeuacha kama ukumbusho."

"Mshono wa nani?" Sikio lake moja halisikii, nikarudia kwa sauti. Akanitazama kama mtoto aliyekosea kusoma. "Babu yako alijua kukata tu. Huu nimeushona mimi. Tulikuwa tunarudi kutoka harusini, koti likanasa kwenye mwiba wa mkonge, mfuko ukatoka na pesa zake zote. Akakaa chini analia. Nikachomoa singa, nikasokota, nikamshonea pale pale njiani kwa sindano ya gunia. Akasema nisimwambie mtu kwamba alilia."

Sikujua niseme nini. Nikamtoa uzi mmoja begani.

"Leo ya ngapi?" akauliza.

"Thelathini na nane."

"Mzigo na majani manane." Akapanda baiskeli na koti lake la sufu, joto lile, hakulivua. Jumamosi tumtume mtu amfuate, kitukuu ana mtihani.

Saa moja na nusu usiku, baada ya Isha, nikampelekea Bibi uji. Nikamweleza habari ya mshono. Pazia likatikisika, alikuwa anacheka.

"Babu yako hajawahi kutunga uzi kwenye sindano maisha yake yote. Nani alikuambia alijua kushona?"

"Nyinyi wote!"

"Mimi sikusema. Mimi nilinyamaza." Akanywa uji kidogo. "Na mikono ya koti, ulikata?"

"Nimekunja ndani, Bibi. Kitambaa chote kipo."

"Vizuri. Baba yako mkubwa ana mikono mirefu."