Nimepanda Lincoln ya 1961, niacheni nijigambe

Jana mzee mmoja jirani yetu hapa Michigan alinipakia kwenye Lincoln Continental yake ya 1961, ile ya wazi. Jamani!

Kwanza milango. Ya nyuma bawaba zake ziko nyuma, kwa hiyo ukifungua yote minne gari linakaa kama kabati la nguo. Nilipapasa kitasa upande usio wake mara mbili, mzee akacheka mpaka akakohoa. Injini ni V8 ya lita 7, gari lenyewe zaidi ya tani mbili, lakini linateleza kama jahazi lililopata kusi. Mafuta? Tusiulizane.

Kilichoniacha mdomo wazi ni paa. Unabonyeza swichi, buti linafunguka kinyume, turubai linajikunja na kuzama humo. Likishazama, begi lako utalipakata, maana nafasi hakuna tena. Mzee anasema umeme wa paa hilo umemla pesa kuliko injini.

Nikamuuliza kwa nini watu wanaligombania. Akanionyesha ubavu wa gari: hamna mapezi ya nyuma kama ya samaki, yale ya gari la Cadillac la 1959, bati limenyooka tu, kazi ya mbunifu Elwood Engel. Tena Continental za wazi zilizotengenezwa za 1961 hazikufika 3,000. Na gari alilopigiwa risasi Rais Kennedy kule Dallas mwaka 1963 lilikuwa Continental ya 1961, iliyorefushwa. Liko makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, nusu saa tu kutoka kwangu. Miaka sita napita hapo, sijawahi kuingia!