Macho ya Nabii Yaakub

Assalaamu alaykum, ndugu zangu.

Sura ya Yusuf tumeisoma tangu chuoni, na wengi tukifika kwenye kisima na kanzu ndipo tunapokazia. Wiki hii mimi nimekwama aya ya 84: Nabii Yaakub anamlilia mwanawe mpaka macho yanakuwa meupe kwa huzuni. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba? Na bado wanawe walimkaripia, eti hataacha kumtaja Yusuf mpaka adhoofike.

Kwetu mambo yamegeuka: wazazi ndio tunaowakaripia watoto.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Mpira wa Makadara, aliokuwa haukosi, aliuacha. Mahamri na mbaazi hagusi. Usiku yuko macho, mchana kalala, ukimsemesha anafoka. Baba yake akasema uvivu. Mimi nikailaumu simu. Bibi akasema ni jicho, asomewe. Akasomewa, na kisomo nakiamini mpaka leo, ila hakuna aliyekaa naye.

Kule kufoka ndiko kulikotupoteza. Tulidhani mwenye sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito, hujikunyata pembeni akalia. Kumbe kijana mara nyingi huitoa kwa hasira, kwa kichwa na tumbo visivyokwisha kuuma, kwa alama zinazoporomoka shuleni. Huzuni ya kawaida huja ikaenda zake. Hii ikizidi wiki mbili, karibu kila siku, ni maradhi, yatafutiwe tabibu.

Jioni moja baada ya Magharibi tulikuwa barazani na viazi karai vyetu, sijamuuliza lolote. Akasema, “Mjomba, nimechoka kuwepo.”

Nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Nilichelea neno lenyewe litampa wazo. Wataalamu wanasema halimpi, humfungulia mlango wa kusema. Akaitikia kwa kichwa. Usiku ule nililala chumbani mwake, asubuhi tukaenda hospitali. (Na kwa mtoto asiye na wa kumwambia, nambari 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure.)

Aya ya 86, Yaakub anawajibu wanawe kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Aliitamka, wala hakuionea haya. Ewe Mola uliyemrudishia Yaakub nuru ya macho yake, wafungulie watoto wetu vifua vyao, nasi utupe masikio.

Mpwa wangu bado anaendelea na matibabu. Juzi alasiri nilimwona akitoka, viatu vya mpira mkononi. Hakuniaga, nami sikumwita.