Uchu wa jioni: kilichonisaidia si kuacha wanga

"Acha wanga kabisa, kunywa maji, jikaze." Ushauri huu wa kuzima uchu wa kula jioni nimeusikia hadi unanikera, kwa sababu mtu aliyeelemewa na mawazo anahukumiwa kuwa mlafi. Maji hayaondoi hasira. Na ukikata wali, ugali na chapati kwa mpigo, ukashinda na njaa mchana kutwa, saa moja jioni unaagiza chipsi mayai kabla hujatambua kama ni njaa au hasira.

Mimi hupima kwanza. Ningeletewa ugali uliopoa na maharage ya jana, ningekula? Kama ndiyo, hiyo ni njaa: nakula. Kama sivyo, ila kashata naitaka, basi kuna jambo: deni, upweke, maneno ya bosi, usingizi haba. Nalitaja lilivyo, kisha najipa dakika 20. Uchu hupanda, ukashuka wenyewe, mradi mikono iwe na kazi: kufua, kuchambua mchele, kusuka. Simu haifai hapo. Mikono inabaki huru, na video za mapishi hazikosekani.

Dakika zikiisha na bado naitaka, naila bila kujilaumu, maana lawama ndiyo inayoleta kashata ya pili. Naiweka kwenye sahani, naketi, naitafuna taratibu. Nanunua moja tu. Pakiti nzima ikiingia nyumbani, kazi yote hii ni bure.

Ila jioni hutengenezwa asubuhi. Chai ya sukari na mandazi haishibishi muda mrefu, kwani protini na nyuzinyuzi ni kidogo mno. Naongeza mayai mawili ya kuchemsha, ambayo hayafiki bei ya sahani ya chipsi, au kikombe cha maharage. Chakula cha mchana hakivuki saa nane. Saa kumi nakula konzi ya karanga na tunda. Soda nimeiweka mbali: chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana aishie 25.

Anayekula kwa kujificha, asiyeweza kuacha hata tumbo likiuma, au anayejitapisha baadaye, mbinu hizi hazimtoshi. Huyo amwone daktari au mwanasaikolojia mapema.