Wewe uwe unaandika

Mahari ya Masanja imeshapokelewa. Jumamosi tulivuka daraja kwenda Sengerema tukarudi usiku, ng'ombe wote wamekubaliwa, hata yule wa pembe moja niliyewasimulia. Picha nitaweka nikipata muda. Leo nina jambo jingine, dogo, limenikaa kooni tangu Jumatatu asubuhi na Baba Junior ameshachoka kulisikia.

Mnajua nilivyoyasubiri haya mafunzo ya kutambua zuplanktoni, vile vijidudu vinavyoelea majini, na mnajua barua yangu ilivyozungushwa kabla ya kusainiwa. Sitarudia. Nilifika mapema, nimebeba miwani, daftari na kile kikopo changu cha vifaa. Hadubini hazikutosha, tukaambiwa tukae wawili wawili. Nikapangwa na kijana mmoja aliyemaliza chuo juzijuzi, ameajiriwa kituo kingine. Akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, akanivutia kiti, kisha yeye akakaa mbele ya lenzi na kuanza kuzungusha.

"Mama, wewe uwe unaandika, mimi natazama nakutajia. Macho yasikuchoshe bure."

"Haya mwanangu."

Ni hayo tu. Hakuna tusi hapo, hakuna hata sauti iliyopanda. Saa nne aliniletea chai na akakumbuka kuniuliza kama natumia sukari. Sasa mtu kama huyo utamshtaki kwa lipi? Lakini nilianza kazi ya fundi sanifu yeye akiwa shule ya msingi. Nimehesabu sampuli za Ghuba ya Mwanza na Ghuba ya Speke mpaka fomalini ya kuhifadhia ikanila pua, siku hizi samaki aliyeoza mpaka Junior aniambie. Na mtu ananiambia macho yasinichoshe.

Yeye nimeshamsamehe, nadhani. Ninayemtafuta ni huyo aliyejibu "haya mwanangu". Nani alimtuma? Si angesema "tupeane zamu"? Hilo nimelipata kwenye daladala ya Buhongwa jioni ile ile. Wakati nachambua dagaa nikapata jingine kali zaidi: "Macho yangu hayajakuomba likizo." Usiku wa manane nikaona kumbe hata maneno hayakuhitajika, ningesogeza tu hadubini upande wangu na kuinama. Majibu yote mazuri yanakuja umeshalala.

Nikamsimulia Baba Junior. "Si amekuheshimu? Ulitaka akuiteje?" Nikamsimulia Tuma, akanirudishia sauti ndefu ya WhatsApp ambayo nusu yake ilihusu kamba ya miwani yangu, kwamba ndiyo inayonizeesha. Mama alikuwa anasikiliza kutoka chumbani kwake. Akauliza, "Kwani huyo ni mtoto wa nani?" Alitaka kujua ukoo wao, kwa hiyo kesi ikaishia hapo.

Basi Jumatatu nzima niliandika. Saiklopoidi, saiklopoidi, kalanoidi, naupli, saiklopoidi. Kijana ana kasi, hilo nampa. Saiklopoidi na kalanoidi wote ni kopepodi, vijidudu jamii ya uduvi, na naupli ni watoto wao. Kalanoidi hata Junior ameshafundishwa: antena zake ndefu zinakaribia mkiani, na jike akibeba mayai anayabeba kwenye mfuko mmoja. Saiklopoidi ana antena fupi na mifuko miwili, mmoja kila ubavu. Fomu zetu za kazini zinaishia hapo. Kopepodi wa aina hizi mbili, kladosera (viroboto wa maji), rotifa ambao ni vijidudu vidogo zaidi, jumla, saini. Miaka yote hii nimejaza fomu hiyo, na niliwahi kuuliza kwa nini hatuendi mbali zaidi nikaambiwa inatosha.

Mwalimu hakuona kama inatosha. Alisema ukiandika "saiklopoidi" tu umemchanganya anayeliwa na anayemla mwenzake, maana Mesocyclops mkubwa ni mwindaji kweli, anakamata wadogo wanaomzunguka, hata viluwiluwi vya mbu. Thermocyclops, saiklopoidi mwingine, ni mwembamba zaidi. Dagaa anawala, sisi tunamla dagaa, halafu tunajiuliza kwa nini mwaka huu dagaa wako hivi na mwaka jana walikuwa vile, wakati vitabu vyetu vinasema saiklopoidi, jumla, saini. Akaongeza kwamba jina kamili linatafutwa kwa aliyekomaa, hasa jike. Naupli ana hatua sita, kisha anakuwa kopepodaiti kwa hatua tano kabla ya utu uzima, na huyo mtoto aandikwe mtoto, asilazimishiwe jina la spishi.

Halafu akatoa habari ya mnyoo wa guinea ambayo ilinyamazisha ukumbi. Saiklopoidi hawa hawa, Mesocyclops na Thermocyclops, ndio wanaobeba vibuu vyake. Mtu anakunywa maji ya bwawa, anameza kopepodi, na baada ya kama mwaka mmoja mnyoo mrefu unamtokea mguuni. Dawa hakuna wala chanjo hakuna. Kazi kubwa imefanywa kwa kitambaa cha kuchujia maji pamoja na kuwazuia wenye vidonda wasiingie bwawani. Uganda ilithibitishwa kuwa imeutokomeza mwaka 2009, Kenya 2018. Nimekaa nikawaza wale akina mama na vitambaa vyao mdomoni mwa mitungi, wanamzuia mdudu ambaye mimi nimemwandika kwa kalamu ya bluu maisha yangu yote.

Dada wa Kigoma ndiye aliyetuchekesha. Kila tukitaja kladosera anajibu, "Sisi kule katikati ya ziwa hatuna, tuna konyeza." Na ni kweli, maji ya wazi ya Tanganyika hayana kladosera, ila yana konyeza wa maji baridi, wale wanyama laini kama jeli, wadogo, unaona mpaka ndani. Halafu akataka tukiri kwamba dagaa wao ni watamu kuliko wetu. Hapo Mwanza nzima ilisimama.

Jumatano ikaja zamu ya mguu wa tano. Kwa saiklopoidi ni kakipande kadogo tu kenye vijiti viwili, na ndio unaokuambia huyu nani. Mnyama mwenyewe mara nyingi hafiki milimita moja, sasa hebu fikirieni mguu wake, tena ule uliojificha. Lazima umpasue. Kijana wangu alichukua sindano za kwenye boksi la mafunzo, nene, akampondaponda wa kwanza, wa pili akaruka akapotea kwenye meza. Nikafungua kikopo changu.

Mimi hutumia sindano za insulini. Nachukua mpya kwenye boksi la mama, naichomeka kwenye mrija wa kalamu ya Bic na kuikaza kwa uzi na gundi. Tone la gliserini kwenye slaidi, maana kwenye maji mnyama anaelea elea hatulii. Unamlaza ubavu. Sindano ya kushoto inamkandamiza mgongoni bila kumpasua, ya kulia inaingia kwenye kiungo kilicho nyuma ya mguu wa nne, unakata kwa kuvuta, si kwa kuchoma. Kipande cha nyuma kinabaki na mguu wake wa tano. Unakigeuza tumbo juu, unafunika kwa kioo chembamba, unaongeza lenzi taratibu huku umebana pumzi.

Ukauona! Viungo viwili, na kwenye ncha ya kile cha mwisho unywele na mwiba vimesimama pamoja, karibu sawa kwa urefu. Thermocyclops. Angekuwa Mesocyclops, ule mwiba ungetokea katikati ya ukingo wa ndani, mbali na ncha. Niliwahi kuliona hilo kwenye michoro tu. Jamani, moyo ulinienda mbio kwa mguu wa mdudu.

Mwalimu aliinama akatazama kwa muda. Hakusema vizuri wala vibaya. Alishika ile sindano yangu akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Nitengenezee mbili."

Kuanzia hapo nilikaa mbele ya lenzi na fomu nikamsukumia kijana. Hakubisha. Aliomba kutazama akasema haoni kitu, nikamwambia aache kufumba jicho moja, afungue yote mawili na kulegeza uso. Akaona. Mchana ule tulipita kwenye Daphnia, mmoja wa wale kladosera, na mwalimu akatupa kisa cha Daphnia lumholtzi, yule mwenye kofia ya ncha na mkia mrefu wa mwiba tunayemkuta humu ziwani kwetu. Mnorwe mmoja, G. O. Sars, alimwelezea mwaka 1885 akiwa Norwei, kutokana na tope kavu lililotoka Australia. Aliliweka kwenye maji na mayai yaliyokuwa yamelala ndani yakaanguliwa. Jina ni la Carl Lumholtz, aliyelichukua hilo tope. Mimi hata tope la Nyegezi likikauka kwenye viatu vya Junior nitakuwa nalitazama kwa heshima.

Raha ile yote ikaharibiwa na mwandiko. Kijana haandiki, anakwaruza. Saba yake ni moja, moja yake ni koma. Fomu zilitakiwa asubuhi, kwa hiyo nimekaa mezani mpaka saa sita usiku nanakili upya, ukurasa baada ya ukurasa. Yaani nimetazama mimi na nimeandika mimi. Baba Junior alicheka mpaka akaenda kunywa maji. Ijumaa tulipopewa vyeti, kijana akaja kuniaga, "Asante sana mama," na mimi huyo huyo nikajibu, "Karibu mwanangu." Niacheni.

Sasa zile sindano mbili za mwalimu. Jana nilikwenda kuchukua nyingine kwenye boksi la mama, lile tulilonunua mwanzoni mwa mwezi. Nilitegemea kukuta zimebaki chache. Boksi linakaribia kujaa. Nikamuuliza, akasema siku hizi anarudia moja moja kuokoa hela, na akanigeuzia mgongo kwenye redio. Nikafungua friji. Chupa ya insulini nayo haijapungua ninavyoijua inavyopungua.

Ameanza pia kuvaa soksi ndani ya nyumba, na joto hili la Mwanza mnalijua. Baba Junior anasema nisimsemeshe kwanza, atakasirika agome kula, bora kesho saa moja niwahi naye kliniki kana kwamba ni siku ya kawaida ya kupima. Siku yake ya kliniki ni Alhamisi, na hilo analijua vizuri kuliko mimi.